Tari la Hatibu

Soko la Ngamiani lilikuwa limefurika watu asubuhi ile, mwaka wa hamsini na nne, Hatibu alipojikwaa akaliangukia sinia la Mwanamkasi. Mikate ya kumimina ikatapakaa chini.

"We kaka, umelewa?" alifoka Mwanamkasi, kanga yake ya rangi ya zambarau imemteleza begani.

"Mwaka jana ungepatia. Leo ni viatu, dada. Vya kuazima."

Mwanamkasi akaangua kicheko. Ndivyo yalivyoanza, wajukuu zangu.

Hatibu alikuwa mtu wa tembo la mnazi, Makorora nzima ikijua. Sasa alikuwa kwa Bibi Saleha, aliyewasaidia walevi kuacha. Mama yule hakuwafungia walevi wala kuwatukana. Jua likianza kushuka, saa wenzao wanakwenda kunywa, yeye aliwapa matari wayapashe moto ngozi zikaze, kisha wapige kaswida mpaka kiu iwatoke.

"Mkono una tari, kata ya tembo utaishika na nini?" aliwatania.

Sharti lake moja: mlangoni anakunusa. Ukinuka, siku hiyo unakaa uani, tari lako analishika mwenzio.

Hatibu alipopeleka posa, Mzee Uweso, babake Mwanamkasi, naye akatoa sharti lake. "Akilipiga tari siku ya Maulidi, nitamwoza. Akikosa, asinikanyagie kizingiti."

Siku ya Maulidi, alasiri, Hatibu alipita kwa Mwanamkasi akamsaidia kubeba chungu cha unga uliokorogwa.

"Polepole, mpenzi, umeshaimwagia kanzu!"

"Uchafu wa mikono yako nauvaa hata Idi."

Jioni, mlangoni, Bibi Saleha alimnusa, akarudi nyuma. "Hatibu mwanangu. Tembo."

Watu wakacheka. "Mgema kamkumbuka mteja wake!"

"Hata leo, Hatibu?" Mwanamkasi aliuliza kutoka upande wa wanawake. "Basi usinijue tena."

Hatibu alilinusa pindo la kanzu yake, akamtazama. Akaenda uani.

Mwanamkasi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Ukanuka tembo. Tembo lake mwenyewe! Hamira ilikuwa imeadimika madukani, naye akauumua unga kwa tembo kama bibi zake, kimyakimya. Na nani angelijua harufu ile kuliko Hatibu? Alijua, akanyamaza, mikate isije ikasusiwa sokoni.

Mwanamkasi akakata katikati ya jamvi la wanaume.

"Rudi kwa wanawake!" Mzee Uweso alinguruma.

"Sirudi, baba! Tembo limetoka chunguni mwangu, likamwagikia kanzu yake. Asiyetaka mikate yangu kesho, na apike kwake!"

Akalichukua tari la Hatibu, akaenda nalo uani, watu wakimfuata.

"Kitendawili!"

"Tega," Hatibu akajibu, macho chini.

"Kanuka tembo hajanywa, kamjua mwenye chungu hakumtaja."

Ua mzima ulijua jibu. Hatibu akatabasamu. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Nguvumali, kwangu. Chumba kimoja, na paa linavuja."

"Mji mtupu siutaki. Nipe na mwenyewe."

Mzee Uweso akakohoa. "Mwacheni apige tari kwanza," alisema. "Mimi neno langu silirudishi."

Hatibu akalipiga mpaka viganja vikawaka.

Kesho yake Mwanamkasi aliliweka sinia lake palepale Ngamiani, na kila aliyepita ameziba pua, Mwanamkasi alimwita kwa jina lake, kwa sauti, amkaribishe mkate.