Agano la Mzee Marhoun

Vitanda vilikuwa saba na wasichana walikuwa sita. Kitanda cha saba, kile cha pembeni karibu na dirisha, hakikuwa cha mtu. Lakini kila walipotoka darasani mchana waliikuta shuka yake imekunjamana na godoro lina joto, kama kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Ulikuwa mwaka 1959. Wasichana hao walikuwa mwaka wa kwanza wa ualimu, na jumba kongwe la mawe katikati ya mikarafuu ya Pemba lilikuwa limekodiwa kuwa dahalia yao. Mmoja wao, Mwatima, alitoka kisiwani Fundo. Alikuwa na kicheko kikubwa, na woga hakuujua.

"Paka huyo," alisema. "Leo nalala hapo miye, tuonane naye."

Fakhriya, rafiki yake tangu wiki ya kwanza, akamshika mkono. "Usilale hapo, Mwatima. Nakuomba."

"Kwani kuna n'ni?"

Fakhriya akauachia mkono. Jumba lile lilikuwa la babu yake, Mzee Marhoun, na hakumwambia mtu. Alichoka kuitwa mjukuu wa mwenye shamba. Alitaka ale muhogo na wenzake, afue nguo zake mwenyewe. Tena kulikuwa na jambo aliloliona utotoni, humo humo ndani: babu yake kachinja beberu mweusi kizingitini, damu inatiririka, naye anazungumza kwa unyenyekevu na mtu asiyeonekana.

Mwatima akajilaza. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nje hapana hata kunguru. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha kitanda kikaanza kupigapiga miguu sakafuni, taratibu, halafu kwa kasi, na kabla hajatokea wa kupiga kelele Mwatima aliinuliwa hewani akatupwa ukutani, akaanguka, akainuliwa tena kwa nywele na mkono ambao hakuna aliyeuona, akabamizwa mara ya pili na ya tatu mpaka chokaa ya ukuta ikawa nyekundu.

Mlezi wa dahalia, Bi Khairiya, akaja mbio na kumkumbatia msichana ili amzuie. Mwatima alifumbua macho, akaushika mkono wa mama yule, akauvunja kama mtu avunjavyo kuni.

"Yu wapi mbuzi wangu?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye hasira ya siku nyingi. "Miaka miwili sikuchinjiwa! Yu wapi mbuzi wangu?"

Walimfunga kitandani kwa kanga. Kwa siku tatu hakula. Alijitafuna midomo, akaparura ukuta hadi kucha mbili zikabaki kwenye chokaa, na wasichana waliokaa naye kwa zamu walitoka wamekwaruzwa nyuso. Fakhriya alimfuta damu, akalia, wala hakusema neno.

Siku ya tatu, saa ile ile ya mchana, akaletwa mganga kutoka Mgogoni, Bi Mwanawema, mwanamke mfupi asiye na haraka. Akafukiza ubani, akasoma, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Mwatima alilitema usoni mwake, limechanganyika na damu.

"Leo hii namvunja shingo," ile sauti ikasema. "Kabla ya alasiri."

Bi Mwanawema akajifuta, akawageukia waliokuwepo. "Jini huyu hakuja mwenyewe. Kafungwa humu kwa agano, alinde mali. Nani aliyemfunga?"

Ndipo Fakhriya akasema, kwa sauti ndogo, "Babu yangu."

Bi Khairiya alimzaba kofi kwa mkono wake mzima. "Siku tatu watutazama, nawe wajua!"

"Naliona haya, Bi. Naliogopa."

"Wacheni," alisema mganga. "Mwanangu, chungu cha agano kimezikwa hapo kizingitini. Wa kukivunja ni babu yako, au mtu wa damu yake. Lakini sikufichi. Jini huyu akifunguliwa, atamrudia aliyemfunga."

"Tukimpa mbuzi je?" Fakhriya aliuliza.

"Mbuzi alimtaka mwanzo. Sasa keshaonja mtu."

Mzee Marhoun ndiye aliyemlea Fakhriya tangu baba yake alipofariki. Alimfundisha alifu kwa kidole chake, na alikuwa akiishi peke yake ng'ambo ya shamba, mwendo wa nusu saa. "Nipeni ruhusa nikamwambie kwanza," Fakhriya aliomba, lakini nyuma yake kanga zilikatika, moja baada ya nyengine, na kichwa cha Mwatima kikaanza kugeuka chenyewe kuelekea mgongoni, polepole, mishipa ya shingo imetutumka, macho yake mwenyewe yamerudi na yanamtazama rafiki yake, yanaomba.

Fakhriya akachukua mtaimbo. Alichimba huku jini akinguruma na wasichana wakipiga mayowe, akakitoa chungu kilichofungwa kitambaa chekundu, kizito, chenye kutetema mikononi kama kitu kilicho hai. Akataja jina la Mungu, akataja na jina la babu yake, akakipiga.

Damu mbichi ilimrukia hadi kifuani. Mwatima alianguka kama nguo. Milango yote ya jumba ikang'oka kwa pamoja, na nje mikarafuu ikainama mmoja baada ya mwengine, kwa mstari mmoja ulionyooka kuelekea ng'ambo ya shamba.

Fakhriya aliufuata mstari huo mbio, miguu mitupu. Hakuuwahi. Alimkuta babu yake ametupwa kwenye baraza yake, kifua kimepasuliwa, uso umegeuzwa upande wa mgongo, na mkono mmoja bado umeshika tasbihi. Ndugu zake wa kiume walimkosha maiti mlango umefungwa, wakaambiana kwamba waliokuja kuzika wasiulize kitu wala wasielezwe kitu.

Magharibi Fakhriya alirudi dahalia kuchukua nguo za kukaa msibani. Mwatima alikuwa ameamka, shingo imefungwa bendeji, ananyweshwa uji kwa kijiko. Hakukumbuka lolote. Alipomwona rafiki yake alijaribu kutabasamu kwa ile midomo iliyochanika.

"Nimeambiwa ulikwenda kwa babu yako," alinong'ona. "Babu hajambo?"

Fakhriya alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua kijiko, akakipoza kwa pumzi.

"Hajambo," alisema. "Kunywa uji."