Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Duka la dobi lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni, pasi zikifuka mvuke, wakala mmoja wa bima alipopenya na suti yake ya kijivu na kuweka shati jeupe juu ya kaunta.

"Dada, doa hili litatoka kweli?"

"Kwangu hakuna doa lisilotoka, kaka," dobi alimjibu bila kuinua macho. Alipoyainua, kazi ikamshinda.

Mwaka haukuisha, wakaoana. Nguo za wateja alizitia alama ya uzi wa bluu ndani ya kola. Za mumewe, na za mumewe peke yake, alizishonea mafundo mawili mekundu.

"Ukipotea, nitakujua kwa uzi," alimtania.

"Nipotee niende wapi, malaika wangu?"

Safari za kazi zilimchukua mume siku nne kila wiki. Kisha mashati yakaanza kutoweka: la mistari, la samawati, hata lile la harusi.

"Si nilikukabidhi mwenyewe, mpenzi? Umesahau tena?" mume alimuuliza.

Dobi alipekua makabati mpaka akalia. Mumewe akamletea vidonge vya kutuliza akili, akawa anamwekea kinywani kwa mkono wake, huku akimbembeleza afunge duka apumzike. Maskini, aliamini kweli kwamba anarukwa na akili. Tangazo la kufunga duka Jumamosi alilibandika mlangoni yeye mwenyewe.

Alhamisi akaingia mwanamke wa makamo, gauni la kijani limemkaa sawasawa, mfuko mkononi.

"Habari za kazi, mdogo wangu. Nimeleta mashati ya mume wangu. Moja lilikuwa na karatasi ya duka lenu, nikasema kumbe dobi wake ndiye huyu. Mnafua vizuri, jamani!"

Dobi akageuza kola ya kwanza. Mafundo mawili mekundu. Ya pili, vilevile. Chini kabisa lilikuwa lile la harusi, linanuka jasho na manukato yasiyo yake. Kola hiyo aliwahi kuibusu. Akawahi beseni la kulowekea na kutapika.

"Pole! Una mimba nini?"

"Dada, mumeo anafanya kazi gani?"

"Bima. Husafiri siku tatu kila wiki. Huu mwaka wa kumi na moja."

Siku tatu huku, siku nne kule. Kumbe msahaulifu ni mume! Anasahau mashati kwa mke mmoja, halafu anamtia mwingine wazimu.

Simu ikalia. Dobi akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Malaika wangu, umekunywa dawa?"

Mwenye gauni la kijani akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Nimekunywa. Na mashati yako nimeyapata."

"Wee! Umeyapata wapi?"

"Kwa mkeo. Yuko hapa, anakusikia."

Sauti ikarudi, tamu ileile: "Mpenzi, usimsikilize huyo. Ana matatizo ya kichwa, anasahausahau."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyejua ni nani kati yao anayeambiwa. Mkubwa akafungua mkoba taratibu, akatoa kichupa cha vidonge vilevile.

"Mimi nilikuwa namwambia ananukia sabuni ya kike," alisema. "Akaniambia naota."

Dobi akaikata simu. Akachukua mkasi mdogo, akampa mwenzake mkasi mwingine, wakakaa kufumua mafundo mekundu.

Jioni mume akaja na maua, suti ileile ya kijivu, tabasamu lilelile la siku ya kwanza. Tangazo mlangoni halikuwepo, na foleni ilikuwa ndefu. Akajipenyeza mpaka kaunta.

"Mpenzi wangu, twende nyumbani tuzungumze. Hujisikii vizuri."

"Najisikia vizuri sana." Dobi akausukuma mfuko wa mashati kwa kidole kimoja, asije akagusa zaidi. "Uchafu huu hautoki, kaka. Peleka kwingine."

Akamwita mteja aliyefuata.