Kemilembe na Asubuhi ya Senene

Mvua ilinyesha usiku kucha. Ta-ta-ta-ta, juu ya bati. Kulipopambazuka, Kemilembe akasikia watoto wakipiga kelele nje.

"Senene! Senene wamekuja!"

Krii-krii-krii! Nyasi zote nyuma ya migomba zilikuwa zinaimba.

Senene huja na mvua. Ni wadudu wa kijani, wenye miguu mirefu ya kurukia. Wakikaangwa na chumvi, ni watamu ajabu!

Lakini senene hawamngoji mtu. Asubuhi yenye baridi hutulia kwenye nyasi. Jua likiwaka, prrrr! Wameruka, wamekwenda zao.

Kemilembe akatupa blanketi. "Na mimi naenda!"

"Wewe?" Bibi akashtuka. "Baridi hii? Rudi kitandani, mjukuu wangu!"

Kemilembe ana selimundu. Ni ugonjwa wa damu. Alizaliwa nao.

Siku nyingi anacheza, anaimba, anacheka. Lakini baridi ikimwingia, mifupa humuuma. Humuuma mpaka analia.

Kwa hiyo kila msimu wa senene, Kemilembe hubaki ndani. Bibi humfunika blanketi. Mama huongeza la pili. Dada yake, Asimwe, huongeza la tatu. Huonekana pua tu!

Wenzake wakirudi, humletea senene wachache kwenye kisahani. "Chukua, maskini," humwambia.

Kemilembe hakutaka kuitwa maskini. Alitaka kukamata senene kwa mkono wake mwenyewe. Hata mmoja tu!

"Mama," aliuliza, "nesi wa kliniki alisema nini?"

"Alisema ujikinge na baridi," Mama alijibu.

"Na unywe maji mengi," alisema Asimwe. "Na upumzike kabla hujachoka."

"Na nini tena?"

Mama akamtazama Asimwe. Asimwe akamtazama Bibi. Wote walikuwa wamesahau.

"Alisema nicheze!" Kemilembe akasema. "Alisema, 'Mama, usimfungie ndani. Mwache mtoto acheze.'"

"Kweli," Mama akasema polepole. "Alisema hivyo."

"Mimi sikuwepo!" alisema Bibi, na wote wakacheka.

"Haya," Mama akasema. "Leo hatutaikimbia baridi, mwanangu. Leo tutaivalia nguo!"

Kemilembe akameza dawa yake ya asubuhi. Glu!

Akavaa soksi nene. Akavaa mabuti ya mvua. Akavaa sweta juu ya sweta, na koti la Asimwe lililofika magotini. Bibi akamvisha kofia ya sufu.

"Unatembea kama bata!" Asimwe akacheka.

"Bata mwenye joto!" alijibu Kemilembe.

Mama akajaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Akachukua gunia kavu la kukalia. Asimwe akabeba ndoo.

"Sasa tusikilizane," Mama akasema. "Tutakwenda hivi:

Tembea kidogo, kunywa kidogo,
kaa kidogo, haya, twende!"

Wakapita kwenye migomba. Chwa, chwa, chwa, yalisema mabuti.

Mbele yao watoto walikuwa wanakimbia huku na huku. "Fanya haraka, bata wee!" alipiga kelele Mujuni, mtoto wa jirani.

Kemilembe alitamani kukimbia. Miguu ilimwasha! Lakini akasema:

"Tembea kidogo, kunywa kidogo,
kaa kidogo, haya, twende!"

Jua likaanza kuchungulia nyuma ya kilima. Na ndoo ya Kemilembe? Haikuwa na kitu!

"Mama, jua! Senene wataondoka!"

"Kaa kwanza, mwanangu. Pumzika."

Kemilembe akakaa juu ya gunia. Mama akakaa. Asimwe akakaa. Wakatulia, tuli!

Kule mbele, watoto walikimbia. Pata-pata-pata! Senene wakashtuka, prrr! Wakaruka, wakatafuta mahali penye utulivu.

Penye utulivu palikuwa wapi? Palipokaa Kemilembe!

Senene mmoja akatua kwenye buti lake. Mwingine akatua kwenye unyasi karibu na goti lake. Mwingine kwenye kofia ya sufu!

Kemilembe akanyoosha mkono. Polepole. Polepole...

Hap!

"Nimemkamata!" alinong'ona. "Mama, nimemkamata mwenyewe!"

Hap! Wa pili. Hap! Hap! Hap!

Mujuni akaja akihema. "Mnawapataje, nanyi mmekaa tu?"

"Kaa nasi," alisema Kemilembe. "Usikimbie."

Mujuni akasita. "Nikikaa karibu nawe, sitaumwa kama wewe?"

"Hutaumwa. Ugonjwa wangu hauambukizi. Nilizaliwa nao."

Mujuni akakaa. Watoto wengine wakaja, nao wakakaa. Wakasema wote, kwa sauti ndogo kabisa:

"Tembea kidogo, kunywa kidogo,
kaa kidogo, haya, twende!"

Hap! Hap! Hap!

Jua lilipotoka lote, senene waliobaki wakaruka, prrrr! Wakaenda zao. Lakini ndoo ya Kemilembe ilikuwa imejaa pomoni!

"Miguu yangu inaanza kuchoka," Kemilembe akasema. Hakungoja maumivu.

"Vizuri umesema mapema," alisema Asimwe. Akainama. "Panda!"

Kemilembe akapanda mgongoni kwa dada yake. Mujuni akabeba ndoo mbele yao, akipiga kelele njia nzima. "Tupisheni! Mkamata senene anapita!"

"Bibi!" aliita Kemilembe. "Toa kikaango!"

Wakawanyonyoa senene mbawa na miguu. Bibi akawakaanga na chumvi. Chwaaa! Nyumba nzima ikanukia. Watoto wote wakala, krap, krap, krap.

Jioni Mama akaketi kitandani kwa Kemilembe.

"Mikono inauma?"

"Haiumi."

"Miguu?"

"Haiumi."

"Mgongo?"

"Hauumi."

"Na tumbo?"

Kemilembe akalishika tumbo. Mama akashtuka. "Tumbo limefanya nini?"

"Limejaa senene!"

Wakacheka mpaka Bibi akachungulia mlangoni.

"Kesho wakija tena, mnisubiri," Bibi akasema. "Na mimi nakwenda."

"Sawa, Bibi," alisema Kemilembe, macho yakiwa yamefumba nusu. "Lakini uvae soksi."