Chumba cha Mama na Lenzi ya Milimita Tisa

Fundi cherehani anaweza kukudanganya siku ya kuchukua nguo yako, hilo sikatai. Mimi mwenyewe nimewaambia watu "njoo kesho" mpaka hiyo kesho ikanionea haya. Lakini futi yangu ya kupimia haijawahi kumdanganya mtu. Kwa hiyo nikikwambia chumba cha mama yangu kilipungua, usiseme nilikuwa naota. Nilikipima.

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alinipitia kibandani kwangu nimsindikize kununua kamera. Alikuwa akipiga picha za vyumba kwa kazi ya dalali wa nyumba. Vile vyumba vya kupanga ambavyo ukinyoosha miguu kitandani unagusa mlango, yeye alitakiwa avipige vionekane kama ukumbi. Dalali alishamwambia wazi kwamba picha zikiendelea kuonyesha mabanda ya kuku, atatafuta mtu mwingine. Na ni kwa kazi hiyo tulikuwa tunapata dawa za mama, aliyekuwa mwezi wa pili kitandani kwa kuvunjika nyonga.

"Dada, wewe una jicho la kipimo," aliniambia. "Twende wote, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Duka lenyewe lilikuwa ghorofani, la kamera zilizotumika, na muuzaji alikuwa mzee mpole aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi. Kitinda alitaka kamera ndogo. Kamera kubwa, alisema, ukiingia nayo chumbani kwa mtu, mpangaji anaanza kujificha na wewe mwenyewe unakosa pa kusimama. Ya kwanza ilikuwa ya kuingia mfukoni, lenzi yake haitoki, imeandikwa ishirini na nne. Akabana mgongo kwenye kona ya duka, akatazama kioo chake, akatikisa kichwa. Kabati la upande wa kulia lilikuwa limekatwa. Ya pili ilikuwa ndogo vilevile lakini lenzi inabadilishwa, na muuzaji akaivika lenzi ya kumi na sita. Hapo kabati liliingia, ila mlango ukabaki nje.

"Hizo namba ni za nini?" niliuliza. Kuuliza si ujinga.

"Namba ikipungua, picha inapanuka," muuzaji alinijibu.

Basi Kitinda akaiona nyingine nyuma kabisa ya kabati la vioo. Nyeusi, fupi, kama kifuniko cha chupa ya chai. Imeandikwa tisa, bila jina la aliyeitengeneza.

"Hiyo simshauri anayepiga ndani," muuzaji alisema. "Kapigie uwanjani. Kapigie milimani. Ndani, hapana."

"Mzee wangu, mimi napiga ndani tu. Milima haipangishwi."

Tulicheka, sisi wawili. Muuzaji hakucheka. Aliitoa lenzi kwa vidole viwili, akaiweka mezani, na Kitinda alipoanza kuivika kwenye kamera ili aijaribu, yule mzee aliinua mkono. "Subiri kwanza nitoke." Akaenda kusimama kwenye ngazi, nje ya duka lake mwenyewe, mpaka tulipomaliza.

Ilinishangaza, lakini nilijisemea uzee una mambo yake. Na picha ilikuwa nzuri mno. Duka zima lilikuwa mle, kona zote nne, na nafasi ya kupisha mkokoteni. Tukaichukua. Ndani ya kifuko cha lenzi kulikuwa na kikaratasi cha namba zilizoandikwa kwa penseli, moja chini ya nyingine: 3.40, 3.22, 2.87, 2.10, 1.15, 0.41. Kitinda alisema ni mambo ya mafundi wa lenzi. Nikakitia kwenye pochi, nikakisahau.

Jioni ileile aliijaribu chumbani kwa mama, kwa sababu ndicho chumba kidogo kuliko vyote nyumbani kwetu. Kitanda kiko upande wa kushoto, karibu na mlango. Mkabala na mlango kuna dirisha lenye pazia nililolishona mwenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa kulia ni ukuta mtupu wenye doa la maji, na nyuma yake kuna jiko. Kitinda aliisimamisha kamera kwenye miguu mitatu pale kichwani mwa kitanda, akabonyeza mara moja. Kacha, kacha, kacha.

"Mbona unampiga mama yako tatu tatu?" mama alilalamika. "Na hata nywele sijachana."

"Wapiga picha za nyumba ndivyo tunavyopiga, mama. Moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga. Baadaye nazichanganya, dirisha lisiungue kwa mwanga."

Akamwonyesha. Mama akaitazama picha muda mrefu. "Hiki ni chumba changu au hoteli?" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, nilimsikia akicheka.

Kwa sababu ya kicheko hicho, na kwa sababu alitaka kuizoea lenzi, Kitinda akawa anakipiga chumba kile kila siku kabla ya kwenda kazini. Dalali alifurahi kupita kiasi. Wapangaji walianza kumpigia simu kwamba vyumba ni vidogo kuliko picha, naye akawa anawajibu kwa kicheko, "Picha ya nyumba ni kama picha ya harusi, umeona nani anafanana nayo?" Nani angeshuku? Kila mtu anajua picha za nyumba hudanganya.

Jumatatu nililikuta pazia la mama limejikunja mwishoni. Limezidi vidole vinne. Niliulaumu mkono wangu, japo hilo liliniuma, maana mapazia ndiyo sifa yangu. Jumatano lilikuwa limezidi shibiri nzima. Kandambili za mama, zilizokaa siku zote chini ya ule ukuta mtupu, hazikuonekana. Tulizitafuta hadi uvunguni.

"Ukuta unanisogelea," mama alininong'oneza nilipokuwa nambadilishia shuka.

"Ni dawa hizo, mama. Zinalewesha."

Aliutazama ukuta, hakunitazama mimi. "Usiku nasikia mtu anapumua pale. Sikuwaambia, msije mkaniona mzigo."

Alhamisi, saa saba mchana, jua linawaka nje, nilimwita Kitinda tupime, siku hiyo hakwenda kazini na kamera ilikuwa bado imesimama kichwani mwa kitanda. Nilichukua futi yangu ya mapazia, yaani futi mbili nilizoziunga kwa mshono ili zifike mita tatu. Yeye alishika mwanzo wake kwenye ule ukuta, mimi nikashika upande wa kitanda. Akavuta mara mbili. Ni ishara yetu ya tangu akiwa mtoto, nilipokuwa nikimchukua anisaidie kupima madirisha ya watu. Kuvuta mara mbili maana yake, nimeshika, soma.

Nikasoma. Mita mbili na sentimita kumi na tisa.

Nilifungua daftari langu la vipimo. Siku niliposhona lile pazia, ukuta hadi ukuta palikuwa mita mbili na sentimita themanini na tano. Nikakimbilia jikoni, nikapima huko. Jiko halikuongezeka hata unyoya. Hapo ndipo nilipokumbuka kikaratasi. Nilikitoa kwenye pochi, nikakisoma upya. Zile hazikuwa namba za lenzi. Mtu mwingine, katika chumba kingine, alipima kama nilivyopima mimi, mpaka sentimita arobaini na moja. Chini ya hapo hakuandika tena.

"Lete zile picha," nilimwambia Kitinda.

Alizifungua kwenye simu yake. Jumatatu. Akaivuta kwa vidole, ikakua. Pembeni kabisa, kwenye sakafu ambayo haikuwepo tena, kandambili za mama zilikuwa zimepangwa vizuri, zimeelekea ukutani. Akafungua ya Jumatano.

Kandambili zilikuwa zimegeuka. Zilikuwa zimetuelekea sisi.

Mimi nilisema, "Mama atoke." Tulishika shuka, yeye kichwani, mimi miguuni, tukamnyanyua mama akilia kwa maumivu ya nyonga. Tulimlaza kwenye godoro sebuleni. Nikaufunga mlango wa chumba.

"Kamera imebaki," Kitinda alinong'ona.

"Ibaki."

"Dada, nikiiacha itaendelea."

"Itaendelea vipi? Nani ataibonyeza?"

Ndani ya chumba, nyuma ya mlango, tukasikia. Kacha, kacha, kacha.

Kisha Kitinda akaanza kukunja mikono ya shati. Ningemzuia. Mpaka leo najiambia ningemzuia, lakini majuto ni mjukuu. Nilichofanya ni kumfunga ncha ya futi kwenye kifundo cha mkono, fundo la fundi, lisilofunguka. "Chukua, vunja, toka," nilimwambia. "Nikivuta, toka hata kama hujaishika."

"Sawa, dada."

Akaingia. Mlango ukajirudi nyuma yake, ukabakiza upenyo wa kupitisha ile futi tu. Nilihesabu hatua zake. Moja. Mbili. Kutoka mlangoni hadi kamera ilipokuwa ni hatua mbili. Nikasikia ya tatu. Ya nne. Ya tano. Alikuwa anatembea wapi?

Futi ikavutwa mara mbili. Nimeshika, soma.

Kacha.

Nilivuta kwa nguvu zangu zote.

Kacha.

Futi ilichomoka mikononi mwangu, ikaniunguza viganja. Nikaikanyaga kwa mguu.

Kacha.

Nikausukuma mlango. Ukuta wenye doa la maji ulikuwa mbele ya pua yangu. Doa lilelile, chokaa ileile. Kati yake na ukuta wa kushoto pangepita mkono wangu hadi kwenye kiwiko, basi. Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na dirisha. Futi yangu ilipita sakafuni, ikaingia chini ya ukuta, mahali ambapo hata wembe usingepenya. Nililiita jina la mdogo wangu mpaka sauti ikakauka. Sebuleni mama alikuwa ananiuliza, "Ametoka? Mwanangu ametoka?"

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka wakitutazama vibaya. Nilirudi kwenye lile duka la ghorofani nikakuta vyumba vitupu na tangazo la kupangisha mlangoni. Tulimleta mwashi abomoe ukuta. Alitoboa tundu la kichwa, akatokea jikoni kwetu, kwenye masufuria. Akainama kutazama futi inakoingia, akaishika, akaiachia haraka kama aliyeshika pasi ya moto. Alikusanya vifaa vyake bila kudai hata nauli. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, upande wa pili kuna mtu ameishika."

Nilijua. Kila asubuhi ilikuwa inavutwa mara mbili. Na kila siku ilikuwa inaingia ndani kidogo, vidole vinne leo, shibiri kesho, maana mdogo wangu alikuwa anatembea huko, anatafuta mlango kwenye chumba kisicho na mwisho. Ilipokaribia kuisha nilichukua futi nyingine, nikaiunga kwa sindano na uzi wa nailoni, mshono wa kurudia. Kisha nyingine. Mwezi wa nne sasa, nimeunga nane. Wateja wangu nawapima kwa kamba yenye mafundo, wakicheka nami nacheka.

Mama amepona nyonga. Siku nzima anakaa kwenye kigoda pale mlangoni, ameshika futi mkononi. Anamsimulia Kitinda habari za nyumbani. Yule akivuta mara mbili, mama anasema, "Nakusikia, baba."

Leo asubuhi aliniita kwa furaha ambayo sijaiona tangu siku ile ya kile kicheko. Futi ilikuwa imelegea. Ilikuwa imetoka nje, imejikunja sakafuni kwenye miguu yake, karibu mita mbili. "Anarudi!" alisema. "Mwanangu anarudi, na nguvu zimemrudia. Leo hakuvuta mara mbili. Amevuta mara tatu."

Nilipiga magoti, nikaishika futi. Ilitulia. Halafu ikavutwa, taratibu, kwa mpangilio wa ile kamera. Moja. Mbili. Tatu.

Sikumwambia mama kitu. Nimepima: tangu asubuhi imetoka mita tisa na nusu, na sasa zimebaki nne. Naandika haya nimekaa kando yake kwenye kizingiti. Yeye ameshika futi kwa mikono miwili, anavuta, anaimba. Mimi nimeshika mkasi.