Daraja la Tani Kumi na Tano

Lori la Chung Jui-hsing lilipanda kwenye mizani asubuhi ya ukungu, na namba ikasimama kwenye tani kumi na saba.

Yueh-o, dada yake, alikuwa ndani ya kibanda cha mizani. Aliigonga mashine kwa kidole, akasubiri. Namba haikubadilika. Akafungua dirisha.

"Wewe, umezidisha."

"Mimi?" Jui-hsing alitoa kichwa nje, shavu limevimba kwa popoo aliyokuwa akitafuna. "Dada, nimepakia nusu bodi. Panda uone mwenyewe."

"Sipandi popote. Punguza."

Tangu tufani ichimbe mawe chini ya nguzo ya katikati, halmashauri ilikuwa imetoa amri kwamba gari lolote linalozidi tani kumi na tano lisivuke daraja lile. Mizani ikawekwa kichwani mwa daraja, na Yueh-o akapewa kazi ya kuisimamia. Upande huu kulikuwa na kijiji, machimbo ya kokoto mtoni na mashine ya kusaga mawe. Ng'ambo kulikuwa na barabara kuu, na juu yake kilima cha makaburi ya wazee wao. Madereva walimwita Dada Mizani. Hakuwahi kumpitisha mtu kwa kumwonea haya, na ndugu yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jui-hsing akapanda nyuma na koleo, akaanza kumwaga kokoto kando ya barabara. Nyuma yake malori mengine yalikuwa yamejipanga, honi zinalia.

"Jui-hsing!" alipaza sauti Lai, dereva mnene aliyemfuatia. "Mkeo anakulisha nini siku hizi? Tambi za chuma?"

"Njoo unisaidie badala ya kupiga domo!"

Lai akaja, akicheka. Walimwaga mpaka sakafu ya bodi ikaonekana. Jui-hsing akarudi kwenye usukani, akifuta jasho. Yueh-o akaangalia namba.

Lori lile likiwa tupu lilikuwa na tani kumi. Sasa lilikuwa tupu kabisa, na mizani ilisema kumi na tatu.

"Mizani yako imekufa, dada," alisema Jui-hsing.

Lakini Lai alipopanda, mizani ilimpima sawasawa. Na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo. Yueh-o akainua kizuizi, wakapita mmoja baada ya mwingine. Jui-hsing peke yake ndiye aliyegeuza lori na kurudi machimboni.

Siku zilizofuata alikuja na robo ya mzigo, akakataliwa. Akaja na mchanga kidogo tu ambao mtoto angeweza kuuchezea, akakataliwa. Mwisho akaja bila kitu, na bado akakataliwa, maana lori tupu lilikuwa limefika tani kumi na sita. Kila aliporudishwa, injini ilinguruma kwa shida kupanda mwinuko wa kwenda kijijini, kana kwamba kuna mtu ameshika bodi kwa nyuma.

Lai hakutania tena. Alipomwona Jui-hsing alitazama pembeni.

Kisha Pi-yun, mke wa Jui-hsing, akaja kibandani. Alikuwa amebeba chakula cha Yueh-o kwenye kopo, wali na majani ya haradali yaliyochachushwa, lakini kopo lenyewe alilisahau mkononi.

"Wifi," alinong'ona, "naomba nikuulize. Mdogo wako amewahi kuugua ugonjwa wa mifupa?"

"Hapana. Kwani vipi?"

"Kitanda kimevunjika. Nikadhani ni mbao mbovu, tukalala chini. Jana anatembea jikoni, kigae kikapasuka alipokanyaga. Kingine kikapasuka. Ukiingia kwangu sasa hivi utaona nyayo zake kutoka mlangoni hadi mezani." Akasogea karibu zaidi. "Na ananuka, wifi. Anaoga, anajisugua, lakini akitoka bafuni ananuka udongo. Si udongo wa shamba. Ule wa chini kabisa, ambao haujaona jua."

"Mtoto je?"

"A-Chieh alitaka kubebwa mgongoni kama siku zote. Babake akamfokea. Hajawahi kumfokea. Akamwambia, 'Hapana nafasi.'"

Wakakaa pale wawili, ukungu unapanda kutoka mtoni, na hakuna aliyekula.

Jui-hsing alipokuja mchana ule, Yueh-o alitoka kibandani. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Shuka," alimwambia.

"Dada, nimechoka na mambo haya."

"Shuka, nimesema. Toka kwenye bamba la mizani, simama pale barabarani."

Akashuka. Springi za lori zililia kama mlango wa zamani, na bodi ikainuka. Alitembea polepole, amepinda kidogo, akatoka kwenye bamba. Yueh-o akageuka kutazama namba kupitia dirishani. Tani kumi. Uzito wa lori tupu, kamili, kama lilivyotoka kiwandani.

"Rudi upande," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

Jui-hsing akarudi. Chuma kikalia chini ya miguu yake. Namba ikaanza kupanda, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, ikaendelea kupanda wakati yeye amesimama tu, mikono inaning'inia, anamtazama dada yake kama mtoto aliyekamatwa, hadi ikasimama kwenye kumi na saba.

"Si lori," alisema Yueh-o.

"Najua," alijibu Jui-hsing. "Najua tangu siku ya kwanza, dada."

Hakumuuliza zaidi pale. Alifunga mnyororo barabarani, akamshika mkono, ambao ulikuwa mkono wa kawaida, wa moto, wenye sugu za usukani, akampeleka kwa Bibi Fan.

Bibi Fan aliuza popoo kwenye kona ya barabara, kwenye kibanda cha vioo, na nyuma ya kibanda alikuwa na hekalu dogo ambalo watu waliliendea wakiwa na mambo wasiyoweza kumwambia daktari. Alipomwona Jui-hsing anakuja, aliacha kisu alichokuwa akipasulia popoo.

"Simama hapo hapo," alisema. "Usiingie, sakafu yangu ni ya mbao. Ulimtoa wapi?"

Jui-hsing akatazama chini.

"Mwanangu, nimekuuliza. Huyo bibi uliyembeba, ulimtoa wapi?"

Yueh-o alijikuta amemwachia mdogo wake mkono.

"Mtoni," alisema Jui-hsing. "Katapila lilimwaga mawe kwenye bodi langu, nikasikia kitu kimevunjika kama chungu. Nikapanda. Ulikuwa mtungi wa mifupa, ule wa kuhifadhia mifupa ya wafu makaburini. Nadhani maporomoko ya tufani yaliushusha kutoka kilimani. Kifuniko kilikuwa kimetoka. Alikuwa amekaa humo ndani walivyompanga watu wake, magoti kifuani, na pini ya nywele juu ya fuvu."

"Ukafanyaje?"

"Ningesema, wangefunga machimbo. Wangetafuta ukoo wake, wangeita makuhani, na sisi wote tungekaa nyumbani hadi mwaka ujao. Nikaendesha. Nikamwaga kila kitu kwenye mashine ya kusaga."

Lori la mtu lilipita, na vioo vya kibanda vikatetemeka.

"Alikuwa anakutazama?" aliuliza Bibi Fan.

"Fuvu halina macho, bibi."

"Nimekuuliza kama alikuwa anakutazama."

Jui-hsing akaanza kulia. "Ndiyo."

Bibi Fan akawasha vijiti vya udi, lakini hakuvisogeza karibu naye. "Basi hana tena mifupa ya kukalia," alisema. "Amekaa kwako. Anataka kurudi kwake, kilimani, ng'ambo. Kila siku unamfikisha hadi mlangoni, na kila siku mlango unafungwa usoni mwake. Anayerudishwa hukasirika. Na akikasirika, huwa mzito."

Yueh-o aliyaona yote mara moja, yeye mwenyewe dirishani, akisema punguza, akisema rudi, na bibi wa watu akiwa juu ya mabega ya mdogo wake, anasikiliza.

"Nimemfungia mimi," alisema.

"Ulikuwa kazini," alisema Bibi Fan. "Sasa sikilizeni. Avuke leo, kabla hajaongezeka. Kwa miguu. Mkimpakia kwenye lori, daraja litalala mtoni pamoja naye. Akifika, amtue pale walipo wenzake, amwombe radhi, amwambie amefika. Akiachia, arudi."

"Na asipoachia?"

Bibi Fan akakichukua tena kisu chake. "Mwanangu, mimi nauza popoo. Nimekwambia ninachokijua."

Walifika darajani saa za jioni, mwanga ukiwa wa kijivu na ukungu umeufunika mto wote. Yueh-o aliliondoa lori la mdogo wake kwenye bamba, akamwambia apande peke yake. Hakuwa na haja ya kumpima, lakini hakujua njia nyingine ya kumruhusu mtu kuvuka. Namba ilipanda, ikazipita zile tani saba za mchana. Kumi na moja. Kumi na tatu. Ikasimama chini kidogo ya kumi na tano.

"Hujazidi," alisema, machozi yanamtoka. Akainua kizuizi. "Haya. Pita."

"Dada, njoo na mimi."

"Nikiongeza uzito wangu je? Nenda. Nakuona kutoka hapa. Nakuona."

Jui-hsing akaingia darajani. Hatua ya kwanza ilizama kwenye lami kama kwenye matope. Ya pili pia. Alikwenda ameinama, mikono imerudi nyuma na kushikana chini ya kiuno, jinsi mtu anavyombeba mzee mgonjwa kumvusha mfereji, na Yueh-o aliona kwamba shati lake lilikuwa limebonyea pande mbili za mbavu, mahali ambapo magoti yangebana, na kwamba kola yake ilikuwa imevutwa mbele, imeng'ang'aniwa na kitu, na alipogeuza uso mara moja, chini ya kidevu ngozi ilikuwa imeingia ndani kwa alama ndogo ndogo, alama za vidole, na kadiri alivyokwenda mbali zaidi ndivyo harufu ya udongo ilivyozidi kuwa kali badala ya kupungua, hadi Yueh-o akafunika pua kwa kiganja. Alipofika juu ya nguzo ya katikati, daraja lilitoa sauti. Haikuwa sauti ya kupasuka, ilikuwa mguno mrefu, wa chini, uliopita kwenye vyuma vya ukingo na kufika mikononi mwa Yueh-o, na vipande vya zege vikaanguka mtoni kimoja kimoja, na katikati ya mguno ule kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya mwanamke mzee anayehesabu pumzi za mtu aliyembeba, akimhimiza, kwa lafudhi ya kizamani ambayo bibi yake Yueh-o ndiye alikuwa wa mwisho kuitumia. Kisha ukungu ukawameza wote wawili.

Akasubiri. Alisikia nyayo nzito zinapanda kilimani. Alisikia majani yanalala. Kisha akasikia maongezi. Sauti ya Jui-hsing ikiomba, na ile nyembamba ikijibu. Jui-hsing akasema kwamba ana mtoto anayemngoja nyumbani, haraka haraka, kama mtu anayekataa bei. Ile nyembamba ikacheka, si kwa ubaya, ilicheka kama bibi anavyomcheka mjukuu. Kisha kimya.

Jui-hsing alipotokea kwenye ukungu alikuwa amenyooka. Shati limekaa vizuri, kola imelala, uso umetulia. Alitembea katikati ya daraja, juu ya mashimo ya nyayo zake mwenyewe, na lami haikubonyea tena.

Yueh-o alimkimbilia, akamkumbatia. "Ameachia?"

Jui-hsing alitabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Ashukuriwe Mungu wa Ardhi. Ashukuriwe. Twende nyumbani." Aligundua kwamba mdogo wake hanuki tena udongo. Hakunuka jasho wala popoo pia, lakini furaha ilikuwa nyingi mno kwa mtu kusimama na kufikiri juu ya hilo.

Pi-yun alilia aliposikia hatua zao mlangoni na vigae havipasuki. Aliweka mezani kila kilichokuwemo ndani, nyama ya nguruwe na majani makavu ya haradali, tambi pana za mchele, pombe ya mchele iliyobaki tangu mwaka mpya. Akamvutia mumewe kiti, akamkalisha. Jui-hsing hakugusa chakula, akawa anawatabasamia.

"Amechoka," alisema Yueh-o. "Muache apumzike kwanza."

"A-Chieh!" aliita Pi-yun. "Njoo uone nani yupo. Njoo ukae na baba!"

Msichana akaja kutoka chumbani, macho mazito ya usingizi. Mama yake akamwinua, akamweka mapajani mwa Jui-hsing. A-Chieh akajisogeza akae vizuri, akavuta bakuli lake, akaanza kula tambi. Dada na wifi walitazamana, wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu balaa lile lianze.

Mtoto alikula, akafuta mdomo, akageuka kuutazama mlango.

"Mama," alisema, "baba anarudi saa ngapi?"

"Wewe nawe! Baba si huyo umemkalia?"

A-Chieh akatazama chini. Akapapasa kwa mkono pale alipokaa, huku na huku. Akamtazama mama yake, hakuelewa anataniwa nini.

"Hiki ni kiti tu, mama."

Yueh-o akainua macho taratibu, akautazama uso wa mdogo wake. Ulikuwa bado unatabasamu, kwa upole ule ule uliotoka nao kwenye ukungu, na tangu darajani hadi saa ile Jui-hsing hakuwa amepepesa macho hata mara moja.