Prosesa ya Pili

SAA TATU ASUBUHI. KILOSA.

Walikuwa watatu kwenye stoo, nyuma ya duka la mbolea. Mlango umekomewa. Pastory, mwenye dili, alikalia gunia, bastola mapajani. Evance, dereva, alisimama dirishani akichungulia nje. Jenipher alikaa katikati yao, mikono ameibana kwenye magoti.

Evance ndiye aliyemleta. Alikuwa mchumba wake. Alimwambia ni kazi ndogo, hakuna atakayeumia, kisha wanahama kwenda kuanza maisha mbali. Jenipher alikuwa fundi wa kampuni moja ya mtandao kule Mikumi kabla hawajampunguza. Seva yao aliijua nje ndani.

"Eleza tena," Pastory alisema.

"Seva ina prosesa nne. Ndizo zinazoifanyia kazi zote. Mnunuzi wako anataka mbili."

"Si tuzing'oe tu?"

"Ukiing'oa tu, seva inazima. Simu za Mikumi yote zinakata. Makao makuu Morogoro wanaona papo hapo, wanawaita polisi kwa redio. Lazima kwanza uiamuru seva iache kuitumia hiyo prosesa. Kazi zinahamia kwa zilizobaki. Taa yake ikizima, unaichomoa, na mtandao unaendelea kama kawaida."

Pastory alichomeka bastola kiunoni. "Evance anabaki kwenye ndinga. Akiona njagu, ananipigia. Mimi na wewe tunaingia."

SAA TANO. NJIANI.

Walisimama kujaza mafuta. Jenipher alikwenda chooni. Aliporudi alipitia nyuma ya gari, na dirisha la Evance lilikuwa wazi.

"Mlinzi wa kule anamfahamu Jenipher," sauti ya Pastory ilisema. "Akikamatwa, atatuchoma wote. Akishamaliza kuchomoa, namaliza naye."

Jenipher aliganda pale pale. Alimsubiri Evance akatae.

"Isiwe ndani ya gari langu," Evance alisema.

Jenipher alitazama barabara. Zaidi ya pampu ile moja na kijana wa mafuta, pande zote pori tupu. Akikimbia, watamfikia kabla hajafika popote. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Uko poa, mpenzi?" Evance aliuliza.

"Niko poa."

SAA SITA MCHANA. MIKUMI.

Mzee Danieli, mlinzi, alimtambua akiwa bado yuko mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekurudisha kazini?"

Pastory alimwekea mzee bastola shingoni, akamwingiza kibandani, akamfunga kamba na kumziba mdomo. Mzee hakumtazama Pastory. Alimtazama Jenipher.

Chumba cha seva kilikuwa baridi, feni zinavuma. Jenipher alifungua kasha la seva, akaiamuru seva iiache prosesa ya kwanza. Taa ikazima. Akaichomoa. Feni ziliendelea kuvuma.

Pastory aliitia mfukoni. "Ya pili. Chap chap."

Ya pili ndiyo ya mwisho. Akishaitoa, huyu mtu hana haja naye tena. Jenipher aliweka vidole kwenye kibodi, akabonyeza vitufe visivyo na maana yoyote ili Pastory aone anafanya kazi. Kisha akashika kibao cha prosesa ya pili, taa yake ikiwa bado inawaka, akaking'oa.

Feni zikakata.

"Mbona kimya?"

"Inahamisha kazi." Jenipher alichukua bisibisi. "Kuna skrubu imekaza. Nipe muda."

Alizungusha bisibisi mahali pasipo na skrubu. Akazungusha tena. Huko nje injini ya gari lao ikanguruma ghafla, matairi yakakwaruza kokoto, mngurumo ukapotelea barabarani.

Pastory alitoa simu. Haikuwa na mtandao. Aliitazama simu, akaitazama seva, akamtazama yeye.

"Umefanya nini, wewe?"

Jenipher alijitupa nyuma ya kabati la seva. Risasi ikampata begani. Hakuhisi maumivu, alihisi joto tu. Mlango ukapigwa teke, polisi wakaingia. Milio miwili mingine, na Pastory akaanguka akishika paja lake, akitukana.

Ndani ya defenda ya polisi walipakiwa pamoja, wamefungwa pingu. Damu ya Pastory na ya Jenipher zilichanganyika kwenye sakafu ya bati. Pastory alimwinamia.

"Evance yuko nje," alinong'ona. "Mtaje uone."

Askari mmoja wa kike alikuwa akimfunga bega kwa kitambaa. "Gari lilikuwa na dereva. Nani?"

Jenipher aliwaza nyumba ya mama yake, Siwema, iliyoko Magole. Evance aliwahi kulala pale, akapikiwa, akaitwa mwanangu.

"Evance," alisema. "Ni mchumba wangu. Tumeni watu Magole, kwa mama yangu. Nawaombeni, afande, wafike kabla ya Evance."