Sauti ya Pili Kwenye Matete

Haki ya Mungu, na kwa maziwa ya mama niliyonyonya! Haya ninayosema hayana chumvi hata punje. Watu wananijua kwa maneno mengi, sawa. Nikisema nimevua kambare mzito kama gunia la mahindi, toeni nusu. Lakini hii ya leo msitoe kitu. Natamani ingekuwa uongo.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu nilikuwa dereva Jeddah, mtaa wa Safa. Na dereva gani! Jeddah mpaka Riyadhi nilikuwa naikata kabla chai haijapoa kwenye chupa. Bosi wangu alisoma Marekani, na huko akazoea kuvua kwenye mito ya kasi akiwa ndani ya kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha plastiki cha mtu mmoja. Samaki wa huko anaitwa besi. Mdomo mdogo, lakini anapigana kama ng'ombe dume. Saudia besi mafi, hakuna. Kwa hiyo mvua ikinyesha Riyadhi, tulifunga kayaki mbili juu ya gari, tukaenda shamba la kaka yake kusini mwa mji. Huko bonde hujaa maji, yanakimbia katikati ya matete, na perege wamo.

Mlinzi wa shamba alikuwa Dalmas, Mkamba wa Kitui. Mtu mzima, mcheshi, mkewe Risper alikuwa mjamzito nyumbani.

"Naftali, kwani kweli wewe unajua maji?" aliniuliza.

"Mimi? Nimezaliwa kando ya mto Nzoia. Mamba walikuwa wananipisha njia."

"Haya bwana. Sisi Kitui mto tunauona kwenye kalenda."

Ukweli ni huu: kando ya Nzoia nilikuwa nachota mchanga. Kuogelea sijui mpaka leo.

Jioni moja, jua likizama, bosi akakumbuka ameacha fimbo yake ya kuvulia kwenye kisiwa kidogo cha matete, katikati ya mto.

"Yalla, Naftali. Nenda na Dalmas, muilete kabla ya giza."

Yeye akatandika mswala. Sisi tukashuka majini.

Tulikuwa na jaketi mbili za kuelea. Dalmas akavaa yake. Nikacheka, mimi mpumbavu.

"Vua hiyo! Kwani uko nasari? Ukiita jina langu mara moja tu, nitakuwa nimekushika kabla maji hayajafika kifuani."

Akanitazama. Akaivua, akaitupa ukingoni.

Yangu mimi niliikalia. Ati mto wa kukalia.

Maji yalikuwa na nguvu. Kabla sijapiga kasia mara tano, yalinisukuma kando, kayaki yangu ikanasa kwenye matete. Dalmas akapita upande wa pili wa kisiwa, anacheka, ananiita bingwa wa mamba. Simwoni, namsikia tu.

Kisha kicheko kikakatika.

Vyura wakanyamaza…

Harufu ikanijia. Vumbi kavu linapopigwa na tone la kwanza la mvua. Na mvua haikuwepo.

"Naftali…"

Sauti ya Dalmas. Lakini ilitoka nyuma yangu, huko maji yanakotoka, ambako hakukuwa na mtu. Polepole. Kama mtu anayekuita chakula kimeiva.

Mwili ukanisisimka mpaka kwenye kucha. Nyanya yangu alitufundisha: ukiitwa jina majini na mtu usiyemwona, usiitike. Kitu cha majini huita mara mbili tu. Binadamu mwenye shida, yeye ataita mpaka mara ya tatu. Ukiitika mapema, umejitoa mwenyewe.

Nikauma kola ya shati.

"Naftali!"

Hii ilitoka mbele, nyuma ya kisiwa. Fupi. Kama iliyomezwa.

Nikangoja ya tatu.

Nikangoja…

Kayaki yake ikapita mbele yangu, imepinduka, tumbo juu.

Ya tatu haikuja.

Sasa hapa ndipo uso unaniungua. Nilishuka kwenye kayaki nikidhani nazama. Maji yalinifika magotini. Magotini! Ningeweza kushika matete, nikatembea hadi kisiwani. Sikutembea. Nilirudi ukingoni, nikachuchumaa, nikajilowesha shati na suruali kwa viganja. Kichwa sikukigusa. Ndipo nikakimbia kwa bosi nikipiga kelele kwamba nimempigia Dalmas mbizi mara kumi.

Bosi alinikumbatia, analia.

Dalmas alipatikana siku ya tatu, mbali sana chini ya mto. Polisi waliambiwa huyu dereva ni shujaa. Nikainamisha kichwa. Watu wakasema, ona, hata kujisifu hataki.

Tuliporudi Jeddah, sikio langu la kulia likaanza kutoa maji. Kila jioni, matone matatu, manne, yanalowesha bega. Dawa za duka zikashindwa. Nikapelekwa mtaa wa Ghulail kwa Bi Zeinab, bibi wa Unguja anayeuza visheti na kutibu watu chumbani kwake. Sikumweleza kitu ila sikio.

Akalinusa. Akachovya kidole, akaonja.

"Maji matamu haya, mwanangu. Si ya bahari."

"Nilioga, bibi."

"Hukuoga." Akaninong'oneza, mdomo karibu kabisa na sikio lile. "Umeitwa mara mbili."

Nikarudisha kichwa nyuma.

"Wa mwanzo hakuwa mtu," akasema. "Alikuwa anakufunga mdomo tu."

"Na… na wa pili?"

Bi Zeinab akafuta kidole kwenye kanga yake. Akakifuta tena. Akasukuma pesa zangu zikarudi kwangu.

"Wa pili alikuwa mtu. Nenda zako."

Sikio lilikauka usiku uleule. Natamani lisingekauka.

Mwezi uliofuata nilikuwa mtaa wa Sharafiya nikingoja madam, mke wa bosi, atoke dukani. Simu ikalia. Risper.

"Shemeji, nimejifungua. Mvulana. Nimempa jina lako."

Nikashika usukani.

"Bosi wenu alinieleza yote, Mungu akubariki. Naomba uniambie kitu kimoja tu, nipate kulala. Aliita?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno…

"Hakuita, shemeji. Ilikuwa ghafla."

Akalia, akashukuru. Akashukuru mara nyingi.

Basi, nyinyi mlionisikia, nawapigia magoti: hii isitoke hapa. Msiirushe kwenye simu, msimsimulie Mkamba yeyote. Yule mtoto sasa anasoma shule. Mama yake alinitumia picha ya daftari lake la kwanza. Ameandika jina langu ukurasa mzima, kwa herufi kubwa, na chini yake amenichora nikiogelea.